Njia Mbili Shingoni: Ujenzi Upya wa Umio na Bomba la Hewa, kwa Kuangalia Mbulu na Hanang

Ndani ya shingo ya binadamu zimepita njia mbili, moja ya hewa na nyingine ya chakula, zikiwa zimelala moja mbele ya nyingine, na ukuta unaozitenganisha ni mwembamba kiasi kwamba kidonda kilichoanzia katika njia moja huweza kuitoboa ya pili. Njia ya mbele ni bomba la hewa, ambalo madaktari huliita trakea: kwa mtu mzima lina urefu wa sentimeta 11 hivi, nalo hushikiliwa wazi muda wote na pingili 16 hadi 20 za gegedu, yaani ule mfupa laini unaopatikana pia katika sikio na ncha ya pua, ambazo hazikamilishi duara bali zimeachwa wazi upande wa nyuma. Njia ya nyuma ni umio, mrija wa misuli wenye urefu wa sentimeta 25 hivi, unaotoka kooni, ukapita kifuani nyuma ya moyo, ukapenya kiwambo na kuingia katika mfuko wa chakula. Umio hauna gegedu, hivyo hujifunga pasipo na kitu na hufunguka tonge linapopita. Hapo juu njia hizo zinapoachana kuna kidaka tonge, kiungo kidogo kinachoinama kuiziba njia ya hewa kila mtu anapomeza.

Njia mojawapo inapoungua, inapoziba, inapokatika au mtoto anapozaliwa ikiwa haikuunganika, tiba ya mwisho ni upasuaji wa kuijenga upya, na huo ni miongoni mwa upasuaji mgumu kuliko wote anaoweza kufanyiwa binadamu. Ugumu huo hautokani na kazi ya mikono peke yake. Baada ya zaidi ya karne moja ya majaribio, hakijapatikana kifaa cha kiwandani kinachoweza kukaa ndani ya mwili na kushika nafasi ya umio wala ya bomba la hewa kwa miaka, hivyo karibu kila kinachojengwa upya hujengwa kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe. Hali ya mwili wa mgonjwa siku anapolazwa mezani, yaani uzito alio nao, mapafu yake yakoje, na tishu hai iliyosalia ni kiasi gani, ndiyo mtaji wa upasuaji mzima, na mtaji huo huhifadhiwa au hupotezwa majuma na miezi kabla, nyumbani na katika zahanati ya kijiji. Kwa wakazi wa Mbulu na Hanang, walio mbali na hospitali kubwa za kanda, jambo hili lina uzito wa pekee.

Wilaya hizo, zilizomo katika Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, zina jiografia isiyomhurumia mgonjwa. Upande wa Mbulu ni miinuko na mabonde ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambako Wairaqw hulima na kufuga, na chini yake liko bonde la Yaeda wanakoishi Wahadzabe na Wadatoga. Upande wa Hanang ni nyanda za ngano za Basotu na vijiji vinavyouzunguka mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, pamoja na malisho ya Wabarabaig ambao boma lao huweza kuwa mwendo wa siku nzima kutoka barabara ya gari. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955 na kukuzwa kwa miongo kadhaa na daktari Ole Halgrim Evjen Olsen aliyeichukua mwaka 1961, ndiyo nguzo ya tiba ya eneo hili na la mikoa jirani. Hata hivyo Haydom iko karibu kilomita 300 kutoka Arusha, na kutoka Arusha zimebaki nyingine kama 80 kufika Moshi, ilipo hospitali ya rufaa ya kanda ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Bugando iliyoko Mwanza na Muhimbili iliyoko Dar es Salaam ziko mbali vilevile. Safari hiyo, kwa mtu asiyeweza kumeza hata mate yake, si jambo dogo, na nauli ya mgonjwa na ndugu anayemsindikiza mara nyingi hutoka katika ng'ombe aliyeuzwa kwa haraka na kwa bei ya hasara.

Miongoni mwa vyanzo vya maradhi haya, kinachosikitisha zaidi, kwa kuwa kinazuilika kabisa, ni kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni ya mche. Punje zake nyeupe huyeyushwa katika maji, na mchanganyiko ukishapoa hauna rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Mtengenezaji akiuhifadhi katika chupa tupu ya maji ya kunywa au ya soda, akaiweka chini ya meza au kando ya mtungi, mtoto aliyetoka kucheza juani huinyanyua na kupiga funda moja. Funda hilo linatosha. Tindikali huunguza na kuacha gaga ambalo kwa kiasi fulani huizuia isizame zaidi, lakini kostiki huyeyusha mafuta na protini za mwili, hivyo huendelea kuzama katika tabaka za ukuta wa umio dakika baada ya dakika, na mara nyingine hufika hadi bomba la hewa lililo mbele yake.

Saa ya kwanza baada ya ajali hiyo ina makosa yake yanayojulikana. Wazazi kwa upendo wao humtapisha mtoto kwa kidole, kwa maji ya chumvi au kwa kumlazimisha maziwa mengi wakiamini kwamba maziwa huua sumu. Matokeo yake ni kwamba kostiki hupanda tena na kuunguza umio mara ya pili, na kinachomwagikia njia ya hewa huunguza zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho juu ya trakea. Linalotakiwa ni kuusuuza mdomo kwa maji safi, kutomtapisha, kuchukua chupa au pakiti ya dawa hiyo ili mganga aione, na kuondoka mara moja kwenda hospitali. Sauti ikianza kukwaruza au pumzi ikianza kutoa mlio, njia ya hewa inavimba na hakuna muda wa kusubiri asubuhi.

Baada ya hapo huja kipindi ambacho huwadanganya wengi. Baada ya siku kadhaa uvimbe hupungua, mtoto huanza tena kunywa uji, na familia humshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Kati ya wiki ya tatu na ya nane kovu huanza kukaza, kwani kidonda kilichozunguka mrija kinapopona hujivuta kuelekea ndani, na tundu lililokuwa linapitisha tonge huwa jembamba hata maziwa hupita kwa shida. Mtoto hukonda, huanza kutema mate katika kitambaa asichokiachia mkononi, na mara nyingi ni wakati huu ndipo familia hurudi hospitalini, ikiwa imepoteza mwezi mmoja au miwili ambayo mwili wa mtoto haukuwa na akiba ya kuipoteza. Kila mtoto aliyemeza kostiki apangiwe tarehe ya kurudi kabla ya mwezi kuisha, hata kama siku anaporuhusiwa anameza vizuri.

Hatua ya kwanza ya tiba hapa si upasuaji mkubwa. Ni mpira wa kulishia, unaopitishwa katika ukuta wa tumbo moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa chakula, na unaopingwa na familia nyingi kwa kuwa huonekana kama tangazo la kukata tamaa. Ukweli ni kinyume chake, kwa kuwa mpira huo ndio unaomrudishia mgonjwa uzito. Muuguzi humfundisha mama kuchuja uji mwembamba wa lishe wenye maziwa na mafuta kidogo, kuuvuta katika bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, kuusukuma polepole mtoto akiwa ameketi, kisha kuusafisha mpira kwa maji safi ya uvuguvugu ili usizibe. Mpira huo una faida nyingine isiyofahamika sana. Daktari akifanikiwa kupitisha uzi imara kutoka puani, kupitia tundu jembamba la kovu, hadi utokee kwenye tundu la tumboni, uzi huo huachwa humo ukiwa umefungwa ncha zake pamoja, na kila mtoto anaporudi kliniki kwenye uzi huo hufungwa vipanuzi, yaani mipira laini yenye unene unaoongezeka hatua kwa hatua, ikavutwa taratibu kupitia kovu bila kuhatarisha kutoboa ukuta wa umio. Kazi hii hurudiwa kila baada ya wiki chache kwa miezi mingi. Inachosha, lakini watoto wengi huponea hapo, wakirudi kula ugali kwa umio wao wenyewe, na umio wa kuzaliwa nao, hata ukiwa na makovu, ni bora kuliko wowote utakaotengenezwa na mpasuaji.

Ni pale kovu linapokuwa refu au gumu kiasi cha kukataa kupanuliwa ndipo hufikiriwa kuleta umio mbadala. Mpasuaji César Roux wa Lausanne, Uswisi, alikuwa wa kwanza kufanikiwa kutumia kipande cha utumbo mwembamba mwaka 1907, kwa ajili ya mgonjwa ambaye umio wake ulikuwa umebanwa na kovu la kuunguzwa, na miaka minne baadaye wapasuaji wengine wa Ulaya walianza kutumia utumbo mpana. Hadi leo, utumbo mpana ndio hupendwa na wapasuaji wengi kwa wagonjwa wa kostiki, kwa sababu ni mrefu, na kwa sababu mara nyingine mfuko wa chakula wenyewe umeungua. Kipande hicho hakiondolewi mwilini. Hukatwa pande zote mbili huku kikiachwa kikining'inia kwenye mshipa wa damu unaokilisha, kikapandishwa nyuma ya mfupa wa kidari hadi shingoni, kikashonwa juu kwenye kisiki cha umio na chini kwenye mfuko wa chakula. Mshipa ukijikunja au ukibanwa njiani, kipande chote hufa, na kwa sababu hiyo wapasuaji huubana kwa muda mshipa wanaokusudia kuukata, wakaangalia kama rangi ya utumbo inabaki ya waridi, kabla ya kuchukua uamuzi usiorudi nyuma. Upasuaji huo kwa kawaida hungoja takriban miezi sita baada ya ajali, mpaka kovu limalize kujivuta, na miezi hiyo yote mtoto huishi kwa mpira wa tumboni.

Chanzo cha pili, nacho huwapata watu wazima, ni saratani ya umio, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi Tanzania na katika ukanda mzima unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, hadi Malawi na Afrika Kusini. Watafiti wameuchunguza ukanda huo kwa miaka mingi, na utafiti mkubwa uliofanywa kwa pamoja Kenya, Tanzania na Malawi, ambao kwa Tanzania ulikuwa na kituo chake KCMC, umechunguza pombe, tumbaku, usafi wa kinywa, moshi wa kuni na vinywaji vya moto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Kilimanjaro ulikuwa umeonyesha kwamba watu wa huko huanza kunywa chai, hasa ya maziwa, ikiwa na joto la nyuzi zaidi ya 70. Nyanda za juu za Mbulu zina baridi kama miteremko ya Kilimanjaro, na chai ya maziwa hunywewa humo ikiwa imetoka jikoni wakati huo huo, jambo ambalo ni rahisi kulibadili bila gharama yoyote, kwa kusubiri dakika chache. Kuhusu meno ya kahawia yanayotokana na madini ya floridi katika maji, ambayo wakazi wengi wa Manyara na Arusha wanayafahamu, utafiti wa Kenya uliona uhusiano kati ya hali hiyo na saratani ya umio, lakini uhusiano wa aina hiyo hautoshi kusema kwamba floridi ndiyo inayoileta, na si haki kuwatisha watu kwa maji ambayo hawana mbadala wake.

Saratani hii huja kimya. Umio hutanuka kwa urahisi, hivyo mgonjwa hahisi chochote mpaka uvimbe uwe umeziba sehemu kubwa ya tundu. Huanza kukwamwa na nyama choma, halafu ugali, halafu wali, akajizoesha kunywa maji kila baada ya tonge, akahamia uji, na anapofika hospitalini hata maji yanarudi. Kipimo chake ni kamera inayopitishwa mdomoni kwa mpira mwembamba, kikafuatiwa na kuchukua kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Kwa wachache wanaofika mapema, upasuaji wa kuondoa umio na kujenga mwingine huweza kuponya. Historia yake inaeleza vizuri kwa nini ni mgumu. Mwaka 1913, mjini New York, Franz Torek aliondoa umio wa kifuani wa mwanamke mwenye saratani, lakini hakuwa na njia ya kuujenga mwingine ndani ya mwili, hivyo mgonjwa huyo aliishi zaidi ya miaka kumi akila kupitia mpira uliotoka kwenye tundu la shingoni, ukapita nje ya kifua, hadi tundu la tumboni. Ilibidi kungoja hadi Ivor Lewis wa Uingereza, mwaka 1946, aeleze namna ya kuufungua kifua upande wa kulia na kuupandisha mfuko wa chakula hadi kifuani, na hadi Mark Orringer wa Marekani, mwaka 1978, aeneze njia ya kuutoa umio kwa kufungua tumbo na shingo tu bila kukigusa kifua.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Mfuko wa chakula huachanishwa na mishipa yake mingi, ukabakizwa ule mmoja unaopita kwenye ukingo wake wa nje upande wa kulia. Kisha upande wake mfupi hukatwa ili ubaki mrija wenye upana wa sentimeta nne hadi tano, na mrija huo huvutwa juu hadi ushonwe na kisiki cha umio. Ncha ya juu ya mrija huo ndiyo iliyo mbali kuliko zote na mshipa unaoulisha, na hapo ndipo mshono unapowekwa. Hivyo mahali penye damu kidogo zaidi ndipo panapotakiwa kupona haraka zaidi. Mshono ukivuja shingoni, usaha hutoka nje na kidonda hupona kwa kusafishwa, lakini ukivuja kifuani, uambukizi huzunguka moyo na mapafu na kuweza kuua ndani ya siku chache. Mgonjwa aliyekonda sana hana protini ya kujenga mshono, na hili ndilo linalowafanya madaktari wasisitize kumlisha kwanza, kwa mpira, wiki mbili au zaidi kabla ya kisu.

Ukweli ambao lazima usemwe kwa heshima ni kwamba wagonjwa wengi wa saratani hii hapa Afrika Mashariki hufika wakati upasuaji wa kuponya hauwezekani tena. Kwao, heshima ya tiba ni kuwarudishia uwezo wa kumeza kwa muda uliobaki. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet, Kenya, imejipatia sifa ya kimataifa kwa kazi hiyo, ikitumia stenti, yaani mrija wa wavu wa chuma unaoingizwa ukiwa umekunjwa na kujitanua wenyewe ndani ya uvimbe, na madaktari wake wameonyesha kwamba kifaa hicho huweza kuwekwa kwa kutumia kamera pekee, bila mashine ya eksirei ya gharama kubwa. Mpango wa kuwawezesha wagonjwa kupata stenti za bei nafuu umefika Kenya, Malawi, Tanzania na Zambia. Mzee aliyekuwa akitema mate yake huweza kunywa chai na familia yake siku hiyo hiyo, na hilo si jambo la kudharauliwa.

Umio pia huweza kuwa na kasoro tangu kuzaliwa, katika mtoto mmoja kati ya watoto 2,500 hadi 4,500 hivi. Katika aina iliyozoeleka zaidi, sehemu ya juu ya umio huishia katika kifuko kilichoziba, na sehemu ya chini imeungana na bomba la hewa. Mtoto huyo hutoa povu la mate mdomoni na kupaliwa mara tu anaponyonyeshwa. Mkunga wa zahanati anaweza kuigundua hali hiyo kwa kupitisha mpira mwembamba mdomoni: ukikwama kwenye sentimeta 10 hivi, mtoto asinyonyeshwe, alazwe kichwa kikiwa juu, mate yake yanyonywe mara kwa mara, apewe joto, na apelekwe haraka kwenye hospitali yenye mpasuaji wa watoto. Cameron Haight, huko Michigan, Marekani, alifanikiwa mwaka 1941 kuziunganisha ncha hizo kwa mara ya kwanza kwa upasuaji mmoja, na tangu hapo kinachowaua wengi wa watoto hawa katika nchi zetu ni kuchelewa, baridi ya njiani na maziwa yaliyoingia mapafuni.

Bomba la hewa lina masharti makali kuliko umio, kwa kuwa mtu huweza kukaa siku kadhaa bila kula, lakini si dakika kumi bila kupumua. Huumia kwa kukatwa na panga au kisu, kwa ajali za pikipiki, kwa rovu kubwa linalolibana, kwa punje ya mahindi au harage alilovuta mtoto akicheka huku akila, na, jambo linalowashangaza wengi, kwa tiba yenyewe. Mgonjwa mahututi anapowekewa mpira wa kupumulia, kuna puto dogo linalojazwa hewa ili lizibe pembeni. Likijazwa kupita shinikizo la sentimeta 30 za maji, hukandamiza mishipa midogo ya damu ndani ya trakea, na wiki chache baadaye kovu hubana hapo. Kipimo cha shinikizo hilo ni kifaa kidogo sana, na kila wodi ya wagonjwa mahututi yapaswa kukitumia.

Bomba lililobana huweza kujengwa upya kwa kulikata kipande kibovu na kuziunganisha ncha mbili nzima. Hermes Grillo wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, ndiye aliyeonyesha kwa subira ya miongo mingi kwamba karibu nusu ya trakea ya mtu mzima inaweza kuondolewa, na kwa watoto kama theluthi moja, mradi shingo iinamishwe na mishipa midogo inayoingia kutoka ubavuni isisumbuliwe. Wakati wa kukata, mtaalamu wa usingizi na mpasuaji hugawana njia moja, maana bomba linaloshonwa ndilo lile lile mgonjwa analopumulia, hivyo mpira wa hewa huhamishwa kwenye ncha ya chini, ukatolewa kwa sekunde chache kila mshono unapopita, ukarudishwa. Upasuaji unapokwisha, kidevu hushonwa na ngozi ya juu ya kifua kwa uzi mmoja mnene, ili mgonjwa asiinue kichwa na kuuvuta mshono, na hubaki hivyo kwa takriban wiki moja.

Je, ikiwa zaidi ya nusu imeharibika? Hapa ndipo dunia ilipokosea vibaya, na mtu aliyeumizwa alitoka pembe yetu ya Afrika. Mwezi Juni mwaka 2011, katika hospitali ya chuo kikuu cha Karolinska, Stockholm, mpasuaji Paolo Macchiarini alimwekea mwanafunzi kutoka Eritrea, aliyekuwa akisoma Iceland, bomba la hewa la plastiki lililoloweshwa katika seli za uboho wake, na habari zikaenea duniani kwamba umefunguliwa ukurasa mpya wa tiba. Plastiki haikuwahi kuota mishipa ya damu wala kugeuka kuwa tishu. Mwanafunzi huyo alifariki Januari 2014, na wote watatu waliowekewa mabomba ya aina hiyo Stockholm wamefariki. Pierre Delaere, mpasuaji wa Leuven nchini Ubelgiji, alikuwa ameonya mapema kwamba kifaa kisicho na damu hakiwezi kuishi pale, na madaktari wanne wa Karolinska waliotoa taarifa za ndani walibanwa na wakubwa wao kabla ya kusikilizwa. Mwaka 2018 jarida la Lancet liliondoa makala zilizosifu kazi hiyo, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu. Hasira juu ya jambo hili ni ya haki, kwa sababu mgonjwa mgeni, aliye mbali na kwao, aliyetazamia kupona, alifanywa uwanja wa majaribio ambayo hayakuwa yamethibitishwa ipasavyo hata kwa wanyama.

Njia ya uaminifu imekwenda polepole zaidi. Delaere mwenyewe alilifunga bomba la marehemu aliyejitolea ndani ya nyama ya mkono wa mgonjwa kwa miezi, mpaka likaota mishipa ya damu, ndipo akalihamishia shingoni, na mwezi Januari 2021 timu ya Eric Genden katika hospitali ya Mount Sinai, New York, ilipandikiza trakea pamoja na mishipa yake ya damu. Hizo ni hatua za kweli, lakini ni za wagonjwa wachache mno, na haielekei zitafika Moshi au Mwanza hivi karibuni. Atakayeahidiwa bomba la hewa la bandia, popote pale, aulize kwanza ni wangapi waliokwisha kuwekewa na wangapi bado wanaishi.

Kinachohitajika Mbulu na Hanang ni kidogo na kinapatikana: seti ya vipanuzi na kamera inayofanya kazi wakati wote katika hospitali iliyo karibu, stenti chache katika stoo, muuguzi aliyefundishwa kulisha kwa mpira, na mganga wa zahanati anayejua lini asisubiri. Halmashauri za wilaya zinaposimamia vikundi vya akina mama watengenezaji wa sabuni, zisimamie pia chombo ambamo kostiki inahifadhiwa, kiwe dumu lenye kifuniko kigumu, lililoandikwa kwa herufi kubwa, lililofungiwa mahali pa juu, kamwe lisiwe chupa ya kinywaji. Na mtu yeyote, mzee kwa kijana, anayeona nyama au ugali unakwama kifuani kwa zaidi ya wiki mbili, asijizoeshe uji. Aende hospitali wiki hii, aombe apimwe kwa kamera, angali ana uzito wake na angali anameza maji.